Amiodaroni juu ya warfarini na digoksini: dozi za mwanzo, vipimo, na dawa za kukaa nazo mbali

Mjukuu_Mkubwa

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wanaozijua dawa za moyo kwa undani.

Mgonjwa ni bibi wa miaka 71, kilo 58. Mapigo yake hayana mpangilio. Daktari alieleza kwamba vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kubana. Jana ameongezewa amiodaroni (dawa ya kupanga mapigo ya moyo) ya mg 200. Cheti kinasema: 1x3 siku 7, halafu 1x2 siku 7, halafu 1x1 kuendelea. Dawa alizokuwa nazo tangu zamani, na hakuna aliyesema aziache wala azipunguze:

warfarini (ya kuzuia damu kuganda) mg 5 jioni
digoksini (ya kushusha mapigo) mg 0.25 asubuhi
furosemidi (ya kukojoza maji) mg 40 asubuhi
simvastatini (ya kolesteroli) mg 40 usiku

INR (kipimo cha damu inavyochelewa kuganda kwa warfarini) ya wiki mbili zilizopita ilikuwa 2.4. Mapigo asubuhi hii 96. Amekwisha meza vidonge viwili vya amiodaroni.

Ninachotaka kujua: Je, dawa hizi zinakaa pamoja? Kwa nini dozi inaanza kubwa halafu inashuka? Akisahau kidonge tufanyeje? Na vipimo gani vifuatwe, maana tumeambiwa tu "mrudi baada ya miezi mitatu".

---

Mfamasia_Zamu

Ndugu, orodha hiyo haiwezi kubaki ilivyo. Mpigie simu aliyeandika cheti leo hii, usingoje hiyo miezi mitatu. Dawa tatu kati ya nne za zamani zinapanda nguvu amiodaroni inapoingia, na kila moja inapanda kwa mwendo wake.

Ya kwanza kukimbia ni digoksini. Amiodaroni inazuia pampu zinazoitoa mwilini kupitia figo na utumbo, hivyo kiwango chake kwenye damu kinaweza kupanda kwa karibu asilimia 70, na kinaanza kupanda ndani ya siku chache, si wiki. Kawaida daktari hukata digoksini nusu siku ileile amiodaroni inapoanza, au huiondoa kabisa. Kwa bibi wa miaka 71 mwenye kilo 58, hiyo 0.25 ilikuwa kubwa hata kabla ya jana, hasa kama figo zimechoka. Dalili za digoksini kuzidi: kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, kuona vitu vina unjano au ukijani, kuchanganyikiwa, mapigo kushuka sana. Tatizo ni kwamba kichefuchefu ni malalamiko ya kawaida ya wiki ya kwanza ya amiodaroni pia, kwa hiyo watu husema "ni dawa mpya tu, itazoeleka" huku digoksini inaendelea kupanda. Akianza kutapika au kukataa chakula, apimwe. Msibahatishe.

Angalieni pia namba kwenye pakiti. Mg 0.25 na mikrogramu 250 ni kitu kimoja. Nusu yake ni mg 0.125, yaani mikrogramu 125. Ombeni kidonge cha 125 chenyewe. Kukata cha 250 kwa kisu cha jikoni kunatoa vipande visivyolingana, na kwa digoksini tofauti hiyo ndogo ina maana.

Warfarini inakwenda polepole, na huo upole ndio unaowadanganya watu. Amiodaroni inafunga vimeng'enya vya ini vinavyoivunja warfarini. Lakini amiodaroni yenyewe inajikusanya mwilini taratibu, kwa hiyo INR inaweza kuwa 2.5 siku ya tano, mkashangilia, halafu wiki ya nne ikawa 5 na kitu. Nguvu kamili ya mgongano huu hufika karibu wiki ya saba. Mwishowe wagonjwa wengi huhitaji warfarini pungufu kwa theluthi hadi nusu. Kwa hesabu ya bibi: mg 5 mara siku 7 ni mg 35 kwa wiki, ikipungua theluthi zinabaki kama 23, ikipungua nusu zinabaki 17.5. Kuna madaktari wanaokata mapema, na wapo wanaosubiri INR ianze kupanda ndipo wakate. Njia zote mbili zinafanya kazi ilimradi INR ipimwe kila wiki kwa wiki 6 hadi 8 za mwanzo, na tena kila dozi ya amiodaroni inapobadilika. Kisichofanya kazi ni "mrudi baada ya miezi mitatu".

Msimpunguzie wenyewe. Damu ikikosa kinga kwa mtu mwenye mapigo ya namna hiyo, bonge linaweza kufanyika moyoni na kupanda ubongoni.

Simvastatini: mtu anayetumia amiodaroni hapaswi kuzidi mg 20 kwa siku. Yeye yuko kwenye 40. Ikizidi inaharibu misuli: maumivu ya mapaja na mabega bila kufanya kazi nzito, mkojo wa rangi ya chai, na figo zinaweza kuumia. Pravastatini na rosuvastatini hazipiti njia hiyo ya ini, kwa hiyo daktari anaweza kumhamishia huko badala ya kupunguza.

Furosemidi haigongani na amiodaroni moja kwa moja, lakini inatoa potasiamu kwenye mkojo. Potasiamu ikishuka, amiodaroni inaweza kuzua mapigo mabaya zaidi ya yale iliyokuja kuyatibu, na digoksini inakuwa sumu hata ikiwa katika kiwango kinachoitwa cha kawaida. Mwombe daktari apime potasiamu, magnesiamu na kreatinini (kipimo cha figo) wiki hii. Wengi hupenda potasiamu ikae 4.0 au juu kidogo kwa wagonjwa hawa, hata kama maabara inaandika 3.5 ni sawa.

Sasa kwa nini inaanza kubwa. Amiodaroni inapenda mafuta. Kabla haijatosha kwenye moyo, inapotelea kwanza kwenye mafuta ya mwili, ini, mapafu na ngozi. Hizo dozi kubwa za mwanzo ni za kujaza ghala. Ghala likijaa, kidonge kimoja kwa siku kinatosha kufidia kinachotoka. Na kinachotoka ni kidogo sana: nusu ya dawa huchukua wastani wa siku 58 kuondoka mwilini, kwa wengine wiki mbili, kwa wengine zaidi ya miezi minne. Kila nitakachoandika humu kuhusu dawa hii kinatokana na hilo.

---

NesiKliniki

Naongeza ya vitendo, kwa sababu makosa mengi ya dawa hii hufanyika nyumbani, kwenye hesabu ya vidonge.

Wiki ya kwanza ni vidonge 21. Wiki ya pili ni 14. Jumla 35, yaani gramu 7 ndani ya siku 14. Kama mmepewa boksi la vidonge 30, litaisha asubuhi ya siku ya 12. Hapo mtu anakwenda kuchukua boksi la pili, anaonyesha la kwanza, na anayempa dawa ananakili maandishi ya lebo ya zamani: 1x3. Mgonjwa anarudi kwenye dozi ya wiki ya kwanza na kukaa humo miezi. Chukua kalenda leo, andika kwa mkono tarehe ya siku ya 8 ("kuanzia leo 2") na ya siku ya 15 ("kuanzia leo 1"), na uende nayo mnapochukua boksi la pili.

Madaktari wengine hutumia mpango tofauti, hadi jumla ya gramu 10 kabla ya kushuka. Cheti cha mgonjwa mwingine kikiwa tofauti na hiki, si lazima kiwe na kosa.

Ameze na chakula, na afuate mtindo mmoja kila siku. Chakula chenye mafuta kinaongeza kiasi cha dawa kinachoingia kwenye damu zaidi ya mara mbili. Leo tumbo tupu, kesho baada ya mlo mzito, keshokutwa tumbo tupu tena: hapo hamjui amepata dozi gani. Balungi na juisi yake aache kabisa, linazuia utumbo kuvunja dawa.

Akisahau: aruke, ameze cha kawaida muda wa kawaida ukifika. Asimeze viwili kwa pamoja. Akiwa kwenye kidonge kimoja kwa siku, kukosa siku moja hakutingishi kitu, kwa sababu ghala limejaa. Akikosa siku kadhaa mfululizo, hasa ndani ya wiki mbili hizi, mjulisheni daktari. Msijaribu kumjaza upya wenyewe.

Kuhesabu mapigo. Akae chini dakika 5 kwanza. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba. Usitumie dole gumba lako, lina mapigo yake. Hesabu sekunde 60 nzima. Ile njia ya sekunde 15 mara 4 ni ya mapigo yanayokwenda sawa. Kwa mapigo ya bibi inaweza kukupa 64 sasa na 92 dakika moja baadaye. Mashine ya presha nayo hukosea mapigo yakiwa ovyo, kwa hiyo namba yake iandike pembeni, usiifanye ndiyo yenyewe. Hesabu kila siku kabla ya dawa za asubuhi kwa mwezi wa kwanza: tarehe, mapigo, na kama alikuwa na kizunguzungu.

Mapigo chini ya 50 pamoja na kizunguzungu au uchovu mpya: piga simu siku hiyohiyo. Chini ya 40, kuzimia, maumivu ya kifua, au mdomo kwenda upande na mkono kuishiwa nguvu: hospitali mara moja, na mifuko yote ya dawa mkononi.

---

Mjukuu_Mkubwa

Asanteni sana. Nimempigia daktari. Digoksini imeshushwa hadi 0.125, simvastatini imesimamishwa kwa sasa, warfarini anabaki 5 hadi INR ya siku ya 7 halafu kila wiki. Potasiamu na kreatinini kesho asubuhi.

Jambo jipya: ana mafua na kikohozi kidogo tangu juzi, kabla ya amiodaroni. Duka la dawa wamempa azithromaisini za siku tatu na kidonge cha mafua cha kuzibua pua. Hajameza. Je, ameze?

---

Mfamasia_Zamu

Asimeze vyote viwili mpaka daktari aseme.

Kila mara moyo unapopiga, unahitaji muda wa kujichaji upya kabla ya pigo linalofuata. Kwenye ECG (kipimo cha umeme wa moyo) muda huo unaitwa QT. Amiodaroni inaurefusha, na kwa yenyewe mara chache sana inaleta balaa. Ukiongeza dawa ya pili inayourefusha pia, na potasiamu iko chini kwa ajili ya furosemidi, moyo unaweza kuingia kwenye mapigo ya kasi yanayozunguka yasiyosukuma damu. Mgonjwa anazimia ghafla. QT iliyosahihishwa ikipita milisekunde 500 daktari huanza kuhesabu nini cha kuondoa. Azithromaisini ni mojawapo ya dawa zinazorefusha QT. Kidonge cha kuzibua pua mara nyingi kina pseudoefedrini, ambayo inakimbiza moyo na kupandisha presha.

Mafua ya siku tatu kwa kawaida ni ya virusi na hayaponi kwa antibayotiki yoyote. Kama daktari akimsikiliza kifua na kuona ipo haja, amoksisilini haigusi QT. Ila antibayotiki yoyote ikianza, INR ipimwe ndani ya siku chache. Kwa homa na maumivu, parasetamoli ndani ya dozi yake. Akiinywa kila siku kwa wiki nzima, INR inaweza kupanda kidogo, kwa hiyo itajwe. Ibuprofeni na diklofenaki asiguse, kwa ajili ya warfarini.

Hii ndiyo orodha ya kubandika mlangoni mwa kabati. Dawa za kuuliza kwanza kabla ya kumeza:

antibayotiki: azithromaisini, klarithromaisini, erithromaisini, siprofloksasini, levofloksasini, moksifloksasini
za fangasi: flukonazoli na ndugu zake (hizi zinapandisha na INR pia, mara nyingine kwa kishindo)
za malaria: kwinini, klorokwini, mchanganyiko wa artemetha na lumefantrini, na hidroksiklorokwini inayotumika kwa viungo
za kutapika: domperidoni, ondansetroni
za akili na usingizi: haloperidoli, sitalopramu, na nyingi nyingine
za kushusha mapigo: verapamili, diltiazemu, bisoprololi, atenololi. Daktari wa moyo anaweza kuzichanganya kwa makusudi, lakini si mtu mwingine
za homa ya ini aina ya C zenye sofosbuviri. Zimewahi kusababisha moyo wa watu wanaotumia amiodaroni kupunguza mwendo hadi kuhitaji betri ya moyo
rifampisini, ambayo inafanya kinyume: inafanya mwili uivunje amiodaroni haraka, na warfarini pia

Sisemi hazitumiki kamwe. Malaria kali haisubiri. Ninachosema ni kwamba anayeandika ajue amiodaroni ipo, apime ECG na potasiamu, ndipo achague.

Halafu zingatieni kuhusu domperidoni. Dozi za mwanzo zinachafua tumbo, mtu anakwenda dukani kuomba cha kichefuchefu, anapewa hiyo. Kichefuchefu kikimsumbua, hakikisheni kwanza anameza na chakula na kwamba vidonge vitatu vimegawanywa asubuhi, mchana na jioni. Kikiendelea, rudini kwenye swali la digoksini.

---

Tabibu_Kifua_na_Moyo

Waliotangulia wamemaliza habari ya wiki za mwanzo. Mimi niseme ya miezi na miaka, maana hapo ndipo dawa hii inapojeruhi watu waliokwisha isahau.

Kabla ya kuanza, au ndani ya wiki chache hizi kama havikufanyika: ECG, picha ya kifua, vipimo vya ini (ALT na AST), vya tezi ya thairoidi (TSH na T4), potasiamu, na macho yaangaliwe kama ana shida ya kuona. Kipimo cha uwezo wa mapafu kikipatikana ni bora zaidi, kwa sababu kikohozi kikija mwaka ujao tutakuwa na cha kulinganisha. Baada ya hapo TSH, T4 na ini kila miezi 6. ECG na picha ya kifua angalau mara moja kwa mwaka.

Tezi ya thairoidi. Asilimia 37 ya uzito wa amiodaroni ni madini joto. Kidonge cha mg 200 kina karibu mg 75, na kati ya hizo mg 6 au 7 huachiwa huru kila siku. Mwili wa mtu mzima unahitaji mikrogramu 150 tu. Ni zaidi ya mara 40 ya mahitaji. Tezi nyingi hustahimili. Nyingine hulala: uchovu, kuhisi baridi, choo kigumu, uso kuvimba. Hilo hutibiwa kwa levothairoksini na amiodaroni ikaendelea. Nyingine huamka kupita kiasi, na hilo ni gumu zaidi. Kuna alama mbili za kukumbuka. Mapigo yaliyokuwa yametulia yakianza kukimbia tena, msikubali dozi ya amiodaroni iongezwe kabla TSH haijapimwa, kwa sababu huenda dawa yenyewe ndiyo inayoamsha tezi. Na INR ikipanda bila sababu kwa mtu aliyekuwa sawa kwa mwaka mzima, pimeni TSH pia; tezi iliyoamka inaongeza makali ya warfarini. Tahadhari moja: katika miezi mitatu ya kwanza TSH hupanda kidogo na T4 nayo hupanda hata kwa tezi nzima. Karatasi moja ya wakati huo isimfanye mtu aanzishiwe matibabu bila kurudia kipimo.

Mapafu ndiyo ninayoyaogopa kuliko yote. Kikohozi kikavu kisichoisha, kukosa pumzi anapopanda ngazi alizokuwa anazipanda vizuri, homa ndogondogo, kupungua uzito. Kinaweza kuja baada ya wiki au baada ya miaka, zaidi kwa wazee na kwa waliokaa kwenye mg 400 au zaidi kwa siku. Kinachokiponza ni kufanana kwake na nimonia na moyo kushindwa kazi. Mgonjwa hupewa antibayotiki, haponi, anapewa nyingine, haponi, anaongezewa furosemidi, miezi miwili imepita na mapafu yameanza kuwa magumu kama ngozi. Kikohozi cha sasa cha bibi kilianza kabla ya dawa, basi si cha amiodaroni. Lakini kiandikeni tarehe kilipoanza na kilipoisha. Kikirudi au kikipita wiki mbili hadi tatu, semeni neno "amiodaroni" kabla hamjaketi kitini, na muombe picha ya kifua.

Ini: ALT ikizidi mara tatu ya kikomo cha juu cha kawaida, dozi hupunguzwa au dawa husimamishwa. Macho yakiwa manjano, msingoje kipimo cha miezi 6.

Macho: karibu kila anayeitumia kwa muda mrefu hupata chembe ndogo juu ya kioo cha jicho. Nyingi hazina madhara zaidi ya kuona duara la mwanga kuzunguka taa usiku. Kuona kwa jicho moja kukififia ghafla, au sehemu ya picha kupotea, ni jambo jingine: mshipa wa fahamu wa jicho unaweza kuwa umeguswa. Siku hiyohiyo.

Ngozi huungua kwa jua kwa urahisi, na miale inayofanya hivyo inapita kwenye kioo cha dirisha na kwenye wingu. Mikono mirefu, kofia pana, mafuta ya kuzuia jua yenye zinki au titani. Wengine baada ya miaka ngozi ya uso hugeuka rangi ya majivu yenye ubuluu. Inachukua muda mrefu sana kurudi, na mara nyingine hairudi yote.

Mikono ikianza kutetemeka, miguu kufa ganzi, au kutembea kama mtu aliye kwenye mashua, toa taarifa. Mara nyingi kupunguza dozi kunatosha. Dozi ndogo kuliko zote inayoshika mapigo ndiyo dozi sahihi. Kwa bibi wa kilo 58 anayekwenda vizuri, baada ya miezi kadhaa mnaweza kumuuliza daktari kama mg 100 inatosha.

Wasomaji wengine wa uzi huu: wajawazito na wanaonyonyesha dawa hii si yao isipokuwa kwa dharura ya kweli, kwa kuwa madini joto yake hufika kwenye tezi ya mtoto. Na kwa kuwa dawa hukaa miezi, anayepanga ujauzito aseme mapema, si akikosa siku zake.

---

Kidonge_Mfukoni

Naomba kuuliza hapohapo. Kuna watu wenye tatizo hilihili wanabeba flekainidi (dawa nyingine ya kupanga mapigo) na kumeza tu mapigo yanapovurugika. Kwa nini bibi asifanye hivyo na amiodaroni, akaepuka madhara yote haya?

---

Tabibu_Kifua_na_Moyo

Kwa sababu ya lile ghala. Kidonge kimoja cha amiodaroni kilichomezwa leo hakifiki moyoni kwa kiasi cha maana leo. Haina matumizi ya "wakati wa shida tu" kwa mdomo.

Flekainidi hufanya kazi ndani ya saa chache, ndiyo maana njia hiyo ipo: mg 300 kwa mkupuo mmoja kwa mwenye kilo 70 au zaidi, mg 200 kwa aliye chini ya hapo, mara moja tu ndani ya saa 24. Lakini masharti yake ni magumu. Mara ya kwanza hujaribiwa hospitalini, mgonjwa akiwa kwenye mashine. Dakika 30 kabla yake humezwa dawa ya kushusha mapigo, kwa sababu flekainidi inaweza kuupanga mtetemo wa juu ukawa wa taratibu kiasi cha kupita wote chini, na moyo ukakimbia 200 na zaidi. Na haipewi mtu mwenye kovu la shambulio la moyo au moyo dhaifu. Utafiti uitwao CAST, uliotoa matokeo yake mwaka 1989, ulionyesha kwamba waliowahi kupata shambulio la moyo na kupewa flekainidi au enkainidi walikufa zaidi ya waliopewa kidonge kitupu, ingawa dawa zilikuwa zimeyanyamazisha mapigo ya ziada vizuri kabisa. Bibi anakunywa digoksini na furosemidi. Kuna uwezekano moyo wake si imara, na huenda ndiyo sababu alichaguliwa amiodaroni.

---

Mjukuu_Mkubwa

Nimeelewa. La mwisho: ikifika siku daktari akasema aache amiodaroni, zile tahadhari zote zinaisha siku hiyo?

---

NesiKliniki

Haziishi. Hapo ndipo wengi hulegeza kamba.

Wastani wa siku 58 kwa nusu, maana yake ni karibu miezi 10 hadi iondoke kwa kiasi kikubwa. Katika muda huo orodha ya kabati inabaki mlangoni, mafuta ya jua yanaendelea, na TSH inapimwa kwa takriban mwaka mmoja baada ya kidonge cha mwisho. Warfarini inageuka upande wa pili: ile dozi iliyopunguzwa taratibu inakuwa ndogo mno kadiri amiodaroni inavyotoka, INR inashuka chini ya 2 bila dalili yoyote, na hatari sasa ni bonge la damu, si kutokwa damu. INR irudi kupimwa mara kwa mara kwa miezi kadhaa, na digoksini iangaliwe upya.

Andikeni kadi ndogo ikae kwenye pochi yake: jina la dawa, tarehe ya kuanza, dozi ya sasa, na nafasi tupu ya tarehe ya kuacha. Mtu wa usingizi kabla ya upasuaji aione, daktari wa meno aione, na anayemchoma dawa ya madini joto kwa ajili ya picha ya CT aione. Tarehe ya kuacha ikishajazwa, kadi isitupwe.

---

Mfamasia_Zamu

Na kwenye kadi hiyo andikeni jina la kemikali, si la biashara. Dawa hii huuzwa kwa majina mengi, na mtu anaweza kuandikiwa boksi la pili lenye jina jingine akameza yote mawili akidhani ni dawa mbili. Halikadhalika warfarini: msiitambue kwa rangi ya kidonge, rangi hazifanani kutoka nchi hadi nchi. Someni namba.

Vidonge vibaki kwenye karatasi yake ya fedha mpaka dakika ya kumeza, mwanga unaviharibu. Kama mnatumia kijaluba cha siku saba, jazeni cha wiki moja tu, kisha kiwekwe ndani ya droo. Siku ya 8 na ya 15 kijazwe na mtu aliyeshika kalenda mkononi.